Senema za Msimu wa Kusi

Ningependa ujue tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa senema, asije akatokea mtu akanidai elimu nisiyokuwa nayo. Nimefundisha shule za msingi huku Kilwa miaka mingi, nimestaafu, nina minazi yangu michache na sehemu katika ngalawa moja ya shirika. Senema kwangu ni kama halua: si chakula changu cha kila siku, lakini nikikaribishwa sikatai.

Hata hivyo kila mwaka pepo za kusi zikishika, tangu Juni mpaka Agosti, ua wangu hugeuka jumba la senema. Shule zimefungwa, kibaridi kimeingia, bahari imechafuka na vyombo vidogo haviendi mbali, na wanangu walioko Dar es Salaam na Tanga hunijia na wajukuu. Huja na filamu zao ndani ya vidude visivyofika urefu wa kidole, wakatundika shuka nyeupe ukutani, na majirani wakaja kila mtu na mkeka wake. Nasikia Marekani nako makampuni makubwa hutoa filamu zao kubwa miezi hiyohiyo, kwa kuwa kwao ni kiangazi na watoto hawana masomo. Mtindo huo ulipata nguvu kwa ile filamu ya papa, Jaws, iliyotolewa Juni 1975. Basi wao wana kiangazi chao, sisi tuna kusi. Tofauti ni kwamba zao ni mpya, na zetu ni mpya kwetu.

Sasa nikueleze kipimo changu. Mama mkwe wangu anakaa nasi tangu alipofiwa na mumewe. Umri wake umevuka themanini, macho yake ni mazima na masikio yake zaidi. Nawe waijua heshima ya mkwe katika pwani yetu: mtu hawezi kuketi mbele ya mama mkwe wake akatazama upuuzi. Kwa hiyo miaka yote hii nimepima senema kwa swali moja tu: je, inatazamika mbele ya mama mkwe? Ikitazamika, ni njema. Isipotazamika, izimeni mashine. Sikupata kuona mizani bora kuliko hiyo, na nilikuwa nikiwashauri hata vijana wenye vibanda vya video huko sokoni waitumie. Walinicheka.

Nianze na moja niliyoiona mjini. Agosti 2023 nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na mwanangu akanipeleka kwenye jumba la senema kuona Oppenheimer ya Christopher Nolan, iliyotoka tarehe 21 Julai mwaka huo. Ni saa tatu kamili, katika baridi ya mashine iliyonifanya nijute kuacha koti nyumbani. Mna mahali nilipoinamisha macho, nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mama mkwe yuko Kilwa. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanaume wenye tai wakiulizana maswali vyumbani. Nakiri imetengenezwa kwa ustadi. Lakini mimi nilikuwa nikingoja neno moja. Urani iliyotumika kutengeneza mabomu yale ya 1945 kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga, na mikono ya watu wanaosema Kiswahili kama mimi nawe. Saa tatu nimeketi, na jina la Shinkolobwe sikulisikia. Tulipotoka nikamwuliza mwanangu, "Au nilisinzia?" Akasema, "Ulisinzia, baba, lakini nami niliyekuwa macho sikulisikia."

Tuje nyumbani. Usiku wa pili wa Idi ya Kuchinja tuliona Ar-Risala ya Moustapha Akkad, yule Msyria aliyehamia Marekani. Aliitengeneza mwaka 1976, na alipiga picha zake mara mbili: mara moja kwa Kiingereza, Anthony Quinn akiwa Sayyidna Hamza, na mara ya pili kwa Kiarabu, Abdullah Gaith akishika nafasi hiyohiyo. Sisi tulitazama ya Kiarabu, na mwalimu wa madrasa akawa anafasiri, huku akiongeza na mengine ambayo nina hakika hayakuwamo. Mtume (S.A.W.) haonekani katika filamu hiyo wala sauti yake haisikiki. Anayesema naye huelekea kwenye kamera, ikawa kama wewe mtazamaji umesimama mahali pake. Wapo mashekhe walioikataza na wapo walioiruhusu, nami sina elimu ya kuamua baina yao. Nitasema niliyoyaona tu. Hamza alipogeuza uso wake akatuelekea sisi, mama mkwe alivuta kanga yake, akajitanda vizuri, akaketi wima kama mtu aliyeingiliwa na mgeni mtukufu. Na Bilali alipopanda juu kuadhini, watoto, ambao kwa kawaida hawanyamazi hata mbele ya fimbo, walinyamaza. Vita kwa rai yangu ni virefu mno, na farasi wengi kupita kiasi. Akkad mwenyewe aliuawa pamoja na binti yake katika milipuko ya mahoteli ya Amman, Novemba 2005, na waliofanya hivyo walidai kuwa wanautetea Uislamu.

Usiku uliofuata wajukuu walituonyesha filamu ya Kiirani ya mwaka 1997, ya Majid Majidi, juu ya kijana Ali aliyepoteza viatu vya dada yake. Nyumbani hamna pesa, na baba hataki kuambiwa. Basi wakawa wanashirikiana viatu vya Ali: msichana asubuhi, mvulana mchana, wakikimbizana vichochoroni kubadilishana. Ali akaingia mashindano ya mbio ili awe wa tatu, maana zawadi ya wa tatu ni viatu. Bahati mbaya akawa wa kwanza! Nimefundisha watoto waliokuja shule kwa zamu ya viatu, na sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Hiyo ilipita mizani ya mama mkwe bila kutikisika. Aliuliza tu kama Wairani nao hawana ndara.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, tuliiona nusu. Kitabu cha Bwana Adam Shafi nilikwisha kukisoma, najua Yasmini aliozwa angali mtoto kwa Bwana Raza aliyekuwa mtu mzima, na najua mambo yake na Denge, kwa hiyo nilikaa mkono ukiwa tayari karibu na mashine, na palipofika pale niliizima. Vijana walinung'unika. Nilichokiona ni Unguja iliyopambwa kama bibi arusi, pengine kuliko ilivyokuwa kweli katika miaka ile ya Mwingereza, nami nikaingiwa na wivu. Huku kusini Bwana Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alikwisha kutuandikia Kinjeketile tangu 1969. Vilima vya Wamatumbi viko palepale. Mimi bado naingoja senema yake, na nisipoiona mimi, labda wajukuu wataiona.

Ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Binti yangu anafundisha mkoa wa Tanga. Alikuja na filamu iitwayo Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar na kutengenezwa Pangani na shirika la UZIKWASA. Ilitoka mwaka 2015, lakini kwangu haikupata kufika. Nilifurahi kusikia Pangani, maana ni wenzetu wale, watu wa minazi na bahari. Aisha ni mwanamke aliyeolewa, mwenye biashara yake mjini, anarudi kijijini kwao kwa harusi ya nduguye. Huko vijana wa palepale wanamwingilia kwa nguvu. Na tangu hapo, kwa jinsi nilivyoielewa mimi, filamu si juu ya vijana wale tena. Ni juu yetu sisi wengine: nani atasema, nani atanyamaza, na nani atamwambia yule mwanamke kwamba aibu ni yake.

Nilipotambua inakoelekea nikainuka. Wakwe wamo, majirani wamo, watoto wakubwa wamo. "Zimeni hiyo," nikasema, na mkono wangu ulikwisha kuifikia mashine.

Mama mkwe akasema, "Keti, baba. Tuone wazee wamefanyaje."

Katika miaka yote aliyokaa kwangu hakupata kunikataza jambo. Nikaketi. Sikuweza kumtazama, na nadhani alijua kwamba siwezi, maana mwaka 2003 alikuwapo katika mtaa huu huu.

Mwaka huo, usiku wa harusi moja, msichana wa jirani, mwanafunzi wangu, alitendewa kama alivyotendewa Aisha. Mwenye kumtenda alijulikana. Baba yake alikuwa mtu mwema, tulikuwa tukisimama safu moja msikitini. Tuliitana wazee wa pande mbili, tukaketi barazani baada ya Alasiri, tukanywa kahawa. Neno lililotawala kikao kile lilikuwa sitara. Kila aliyesema alisema sitara: msichana asitiriwe, nyumba isitiriwe, mtaa usitiriwe. Ikatolewa mbuzi na shilingi themanini elfu, tukasoma Fatiha, na msichana akapelekwa kwa mjomba wake Liwale. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu na hati yangu ni nzuri, mimi ndiye niliyeandika karatasi.

Nisijitetee kwa ujinga. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikwisha kupitishwa tangu 1998, na ilitaja kifungo cha miaka thelathini. Gazeti lilikuwa na habari zake, na gazeti nilikuwa nikisoma. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, ile ya kusimamia ushahidi wa haki ijapokuwa ni dhidi ya jamaa zetu, nilikuwa nikiwafundisha watoto jioni. Tulisema sitara, lakini yule aliyehitaji kusitiriwa ndiye tuliyemtoa nje ya mji, na aliyebaki akitembea sokoni kifua mbele ni mwingine. Msichana yule leo ni mtu mzima. Hakurudi Kilwa hata baba yake alipokufa.

Kwa hiyo nikiulizwa rai yangu juu ya Aisha, sina la kusema juu ya taa zake wala sauti zake. Haikutengenezwa kwa mamilioni ya Oppenheimer. Lakini kwa mizani yangu ile ya miaka yote, hii ndiyo iliyoanguka vibaya kuliko zote, maana haitazamiki mbele ya mkwe. Naye mkwe mwenyewe ndiye aliyeniketisha chini niitazame mpaka mwisho.

Ilipokwisha hapakuwa na mazungumzo ya kawaida. Watu walikunja mikeka yao wakaagana kwa sauti ndogo. Taa ilipowashwa nikaona mkeka mmoja umebaki karibu na mlango wa ua, mahali ambapo mwanga wa shuka haufiki. Nikauliza wa nani. Binti yangu akamtaja mama yake yule msichana. Sikuwa nimemwona akiingia, wala sijui aliondoka filamu ikiwa wapi.

Asubuhi niliuchukua mkeka mwenyewe, sikumtuma mtoto. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akaupokea mkeka, akauegemeza ukutani. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, na yote yalinipotea. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, lile karatasi unalo bado?"

Nikamwambia ninalo. Liko katika sanduku langu la bati pamoja na vyeti.

"Lilete."

Nikarudi nyumbani nikalitafuta. Lilikuwa limegeuka rangi, na mchwa walikwisha kula pembe moja, lakini maandishi yalikuwa mazima, hati yangu ile ile ya ubaoni. Nikampelekea. Akalishika, akaligeuza huku na huku, akanirudishia. "Mimi sikusoma," akasema. "Nisomee wewe. Siku ile mlisomeana huko barazani, mimi nilikuwa jikoni."

Nikasoma. Majina ya mashahidi, tarehe ya Kiislamu na ya Kizungu, mbuzi mmoja, shilingi themanini elfu, na kwamba mambo haya yamekwisha na yasifufuliwe na mtu yeyote. Jina la binti yake halikuwamo. Nilikuwa nimeandika "mtoto husika". Nilipofika mwisho nikanyamaza nikingoja aseme neno, naye alikuwa ameinama akichambua mchele katika ungo.

"Anza tena kutoka juu," akasema. "Soma polepole."