Wallington: Nyumba ya Baroneti Msoshalisti

Ukitoka mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, ukashika njia ya mashamba hadi karibu na kijiji cha Cambo, utakutana, msomaji, na vichwa vinne vya mazimwi ya mawe vimekaa juu ya majani, kana kwamba viwiliwili vyao vimezikwa. Vililetwa kutoka London kwa meli. Nyuma yake ndipo lilipo jumba la Wallington, makao ya ukoo wa Trevelyan.

Wakuu wa ukoo huo ni mabaroneti. Cheo hicho kilibuniwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611 ili ajipatie fedha. Mwenye nacho huitwa Sir, na akifa humwachia mwanawe wa kwanza, kama amwachiavyo shamba.

Ukoo wenyewe haukuwa wa malaika. Baroneti wa kwanza wa Wallington alikuwa mkubwa katika Hazina ya Uingereza wakati wa njaa kuu ya Ireland, na huko jina lake halitajwi kwa wema. Jamaa zao wengine walimiliki watumwa zaidi ya 1,000 katika kisiwa cha Grenada. Mwaka 2023 baadhi ya vizazi vyao walikwenda huko kuomba radhi.

Mjukuu wa yule mkubwa wa Hazina, Sir Charles Philips Trevelyan, alishika njia nyingine. Mwaka 1914 alijiuzulu serikalini kwa kuipinga vita. Baadaye akaingia chama cha Labour, na mara mbili akawa waziri wa elimu. Muswada wake wa kuwabakiza watoto shuleni hadi umri wa miaka 15 ulipokataliwa na Baraza la Malodi mwaka 1931, alijiuzulu tena.

Alikuwa amerithi Wallington mwaka 1928. Wafanyakazi wa shamba aliwalipa posho kwa ajili ya watoto wao, jambo ambalo serikali ya nchi hiyo ilikuwa haijalifanya. Kisha mwaka 1941 akatia sahihi hati ya kuikabidhi nyumba, pamoja na ekari zipatazo 13,000, kwa shirika la hifadhi liitwalo National Trust.

Usiharakishe kupiga makofi. Sir Charles alijiwekea haki ya kukaa humo hadi kufa kwake, mwaka 1958. Mwanawe mkubwa, George, ndiye aliyelipa: alirithi cheo bila nyumba, akafanya kazi ya kuendesha chuo cha elimu ya watu wazima. Wakulima nao walibaki wapangaji. Aliyebadilika ni mwenye shamba tu. Kwa maoni yangu, mtu kutoa mali huku akiendelea kuilalia ni ujamaa wa nusu, ingawa wenzake wengi hawakutoa hata hiyo nusu.

Ndani utaona darizi ya mkewe, Lady Mary, aliyoishona kwa miaka 23: babu wa kale wa ukoo akiogelea na farasi wake kuikimbia nchi inayozama. Mimi ningekuomba ukae zaidi katika ukumbi wa kati, mbele ya picha ya William Bell Scott. Wafua chuma wa Newcastle wanainua nyundo. Chini yao ameketi binti mdogo aliyemletea baba yake chakula cha mchana, na mapajani amepakata kitabu cha hesabu.