Mashine Zinazoitikia Majina Yao

Watu wa kwetu Kibosho huniuliza mara kwa mara, "Huyu shemeji yako, mume wa mdogo wako, auza nini hasa?" Wamwona akitoka alfajiri na mkoba mzito, akirudi baada ya wiki mbili na vumbi la Singida viatuni, wala hawajapata kumwona na bidhaa. Mwuza dawa za mifugo ajulikana, hata mwuza bima ajulikana. Yeye hujibu kwamba auza mtandao wa mitambo ya viwandani, na jibu hilo halimshibishi mtu. Mimi ni karani wa parokia, kazi yangu ni madaftari na risiti. Lakini nilipita chuo cha ualimu, na neno linalotamkwa kila siku bila kueleweka hunisumbua. Basi mwaka jana nilipopata likizo nilimwomba tufuatane safari moja. Tulikaa njiani siku kumi na moja.

Tuanze na kitu tunachokijua. Kule tambarare, kusini ya Moshi, kipo kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini. Kilianzishwa na Wadenmarki katika miaka ya 1930, baadaye kikawa mali ya Serikali, na mwaka 2000 hisa nyingi zikaenda kwa wawekezaji wa Mauritius, Serikali ikabakiwa na robo. Vijana wengi wa mlimani wamepata kazi huko. Katika kiwanda cha sukari chochote miwa husagwa, maji yake huchemshwa na kukolezwa, kisha huzungushwa mpaka chembe za sukari zitengane na molasi. Makapi hurudi kuwa kuni za boila, na mvuke wa boila huendesha mashine na kufua umeme. TPC hata huwauzia TANESCO umeme unaozidi. Kila idara hungojea nyingine, kama watu wa mfongo mmoja: wa juu akiziba, migomba ya wa chini yakauka. Presha ya boila ikishuka, vinu vyapunguza mwendo. Vinu vikipunguza mwendo, makapi yapungua, na boila yazidi kukosa kuni. Zamani mtu alisimama mbele ya kila geji, akaandika daftarini, na jambo likiharibika alipiga kelele au simu. Mtandao ninaousema ni waya unaofanya kazi ya kelele hizo.

Asili yake si ya kale. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors, kule Marekani, ilikuwa imechoka kufumua makabati ya nyaya kila ilipobadili aina ya gari. Richard Morley na wenzake wakaunda kompyuta ngumu ya kiwandani, isiyoogopa vumbi wala joto, ambayo hubadilishiwa kazi kwa kuandikiwa maagizo mapya. Waliiita Modicon 084, maana ilikuwa kazi ya 84 ya kampuni yao. Mwaka 1979 Modicon ikatoa utaratibu wa mashine kusemezana, uitwao Modbus. Mwalimu yeyote ataufahamu mara moja, kwa kuwa ni kuita mahudhurio tu. Mashine moja ndiyo mwalimu. Nyingine zina namba, kuanzia 1 hadi 247, wala haisemi yoyote mpaka imeitwa. "Namba 5, joto lako kiasi gani?" Namba 5 hujibu, nyingine hunyamaza. Kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, maneno hayo yaweza kufika hata mita 1,200. Zikitokea mashine mbili zenye namba moja, zote hujibu kwa pamoja na halisikiki neno; nasi tuliofundisha darasa lenye akina Mosha watatu twalijua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Kama mashine zote zingesema hivyo, pasingekuwa na haja ya mtu kutembea nchi nzima. Lakini kila kampuni kubwa ilitaka lugha yake. Wajerumani walianza Profibus mwaka 1987, na wengine nao wakawa na zao, na ugomvi ukadumu miaka. Kamati ya kimataifa iliyotakiwa kutoa lugha moja iliishia kuandika nane ndani ya kanuni ile ile, IEC 61158, kufikia mwaka 2000. Nilipoambiwa haya nilicheka, maana ndiyo Kilimanjaro yetu: mtu wa Rombo na mtu wa Machame wote ni Wachaga, lakini wakianza kwa Kichaga cha kwao, punde huhamia Kiswahili. Viwanda vingi vimenunua mashine mwaka huu kutoka India, mwaka ule kutoka Ulaya, nazo zakaa chini ya bati moja bila kusalimiana. Kuzitafutia Kiswahili chao ndiyo kazi ya shemeji.

Ramani yake basi ni ya mabomba ya moshi: saruji ya Tanga, sukari ya Mtibwa na ya Kilombero, karatasi ya Mgololo, kisha sukari tena kule Kagera. Viwanda vya sukari husimama wakati wa masika, tope linapozuia miwa kutoka shambani, na ndipo mafundi hupata nafasi ya kufungua mashine. Kwa hiyo majirani wakiwa wanapanda mahindi, yeye yuko barabarani, na shamba lake hupandwa na mkewe.

Tulipanda basi Moshi kabla ya jua kuchomoza. Siku ya pili tulikaa saa nne kwenye benchi la mlinzi, getini, tukimngoja meneja aliyekuwa mkutanoni. Shemeji alisoma gazeti lile lile mara mbili, kisha akamsaidia mlinzi kupiga mistari kitabu cha wageni. Nyumba za wageni tulizolala zilikuwa za neti zenye matundu na wali maharage, na kila usiku alijaza fomu ya matumizi kwa tochi ya simu, kwani kampuni yake hurudisha nauli kwa risiti tu, na kondakta wa daladala hana risiti. Kwa kazi yangu, jambo hilo liliniuma kuliko kunguni.

Meneja alipotufungulia mlango, nilitazamia hotuba. Shemeji akaomba chai ya moto. Akafungua mkoba: kompyuta ndogo mbili za kiwandani, waya mwembamba, feni ya kuchezea, kipima joto. Akatumbukiza kipima joto katika kikombe, na mwisho wa pili wa meza feni ikaanza kuzunguka. Akamimina maji baridi, ikasimama. Watu wazima wenye shahada wakasogeza viti. Aliniambia baadaye kwamba wengi huikumbuka feni na kusahau maelezo, naye haoni vibaya.

Lakini mauzo si kazi yote. Kiwanda kimoja kilimpigia simu kwamba mtandao wake wafa kila alasiri, na fundi aliyetangulia alikwisha kubadilisha kompyuta mbili bila faida. Shemeji hakugusa kompyuta. Alitembea na waya, hatua kwa hatua, mpaka akaukuta umelazwa katika mfereji mmoja na waya mnene wa mota kubwa ya pampu. Pampu ile huwashwa alasiri, na umeme wake ukawa ukipiga kelele masikioni mwa waya mwembamba. Wakauhamisha waya, wakanyamaza wote, wakangoja saa tisa. Mota ikanguruma, na namba zikaendelea kusomeka.

Jambo nililolibeba moyoni lilitokea katika nyumba ya boila ya kiwanda kingine. Meneja alikuwa akitutembeza, na mbele ya geji alisimama mzee mmoja aliyesoma geji hizo miaka ishirini na sita. Tukampa shikamoo. Akamtazama shemeji, akasema, "Mwanangu, hicho chombo kikishafungwa hapa, mimi nitasimama wapi?" Nimesikia watembezaji wengine wakilijibu swali hili kwa asali. Shemeji aliweka mkoba chini.

"Mzee, hapa mko wanne kwa kila zamu. Kazi ya kuandika namba itakwisha. Wawili watahitajika kwa sababu chombo nacho hudanganya, na atakayekijua kikidanganya ni yule anayelijua boila. Wawili wengine siwezi kukuambia watakuwa wapi. Muulize meneja, naye yuko hapa."

Meneja hakufurahi. Siku ile hatukutiwa sahihi. Nilimwuliza shemeji njiani kama alikuwa na lazima ya kusema hivyo mbele ya bosi, akanijibu kwamba atarudi pale mara nyingi, na mzee yule ndiye atakayeona waya umetafunwa na panya usiku wa manane. Mimi naona alitenda sawa, ingawa mdogo wangu, anayepanga ada za watoto kwa kamisheni zisizofika, ana haki ya kuona vingine. Baada ya miezi minne oda ilikuja, ndogo: nyumba ya boila peke yake, na vijana wawili wa pale wapelekwe kwanza Chuo cha Ufundi Arusha. Habari za wawili wanaobaki hazijafika kwetu.

Mzee yule aliuliza swali la pili, nalo ndilo lililonifunza. "Geji ikifa je? Itaandika sifuri, nanyi mtadhani boila limepoa." Shemeji akatabasamu. Vipimo vya kiwandani, alisema, havianzi kwenye sifuri. Kipimo chenye habari ya chini kabisa hutuma miliampea 4, chenye habari ya juu hutuma 20. Ikisomeka sifuri kamili, maana yake waya umekatika. Kwa hiyo asiye na kitu hujulikana, na aliyekufa hujulikana.

Nilimsimulia mdogo wangu haya jikoni kwake, akakoroga mtori kimya, halafu akasema, "Kaka, basi na aifunge hapa nyumbani." Tangu siku hiyo wana mapatano: kila usiku, awe na neno au asiwe na neno, atume ujumbe. Mwaka huu masika yalimkuta Kagera, na mvua ilikuwa imekata mawasiliano tangu Jumatatu. Alhamisi simu ya mdogo wangu ililia tukiwa tunachambua maharage. Ujumbe ulikuwa na maneno matatu: "Nipo. Mvua tu."