Cherehani ya Bibi ni ya Mwaka Gani?

Sisi mafundi wa Bukoba tunaulizwa sana: Singer ya bibi ni ya lini? Tazameni namba iliyogongwa kitakoni, upande wa kulia. Singer halisi isiyo na herufi ni ya kabla ya 1900. Yenye Y, au herufi mbili zinazoanza na E, imetoka kiwanda cha Clydebank, Scotland. Y zilitangulia, E zikaanza 1935. Beji ya 1851–1951 ni kumbukumbu ya miaka 100 ya kampuni.

Kujua haya kunalinda mali. Huko Muleba, dalali alimwambia mama yetu mkubwa kuwa sindano ya cherehani yake ina zebaki nyekundu, atapata mamilioni akitanguliza pesa ya vipimo. Mama akataka kuuza kahawa ikiwa bado mtini, ile butura. Uvumi huohuo ulivuma Saudi Arabia mwaka 2009, na zebaki haikuwamo. Tulimwonyesha beji ya 1951, tukamweleza: hiki ni chuma kizuri, basi. Tukatia mafuta, tukabadilisha mkanda. Kahawa ilibaki yake, na sare za wajukuu anazishona mwenyewe.