Usiitupe modemu kuukuu, huenda nyumba ya nyuma inaihitaji

Mpenzi msomaji, hebu fungua ile droo iliyo chini ya televisheni nyumbani mwako. Sina shaka utakuta humo nyaya zilizosokotana, chaja zisizojulikana ni za nani, na pengine kisanduku chenye antena moja au mbili. Hicho ni modemu ya zamani, ya enzi ambapo intaneti ilikuja nyumbani kupitia waya wa simu ya mezani. Laini ilipokatwa, kisanduku kikawekwa kando na kuitwa kibovu. Leo nataka kukitetea.

Hapa Isiolo hatuna desturi ya kutupa kitu kwa sababu tu kazi yake ya kwanza imekwisha. Wafugaji huvaa akala, viatu vinavyokatwa kutoka kwa magurudumu ya magari yaliyochakaa. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia huyasafirisha hadi Nairobi kwa basi, yakiwa ndani ya mitungi ya plastiki ambayo awali iliuzwa na mafuta ya kupikia. Hakuna anayeuliza kama mtungi ni mpya. Swali ni kama ni msafi na kama hauvuji. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye vyombo vya umeme, busara hiyo tunaiacha mlangoni.

Nitakupa mfano wa nyumbani kwa kaka yangu, mtaani Bulla Pesa. Mbele kuna nyumba kubwa ya mawe, kisha ua, na nyuma kuna jiko na chumba cha wasichana kilichojengwa kwa mabati. Intaneti yao hutoka kwenye kisanduku kinachotumia kadi ya simu, nacho hukaa kwenye dirisha la sebule, kwa kuwa hapo ndipo kinaponasa mawimbi ya mnara vizuri. Ukikisogeza, kinazubaa. Waama, mawimbi ya waifai hudhoofika yanapopita kwenye ukuta wa mawe, na yakikutana na mabati hurudishwa yalikotoka. Matokeo ni kwamba sebuleni intaneti ilikuwa tele, na kule nyuma hapakuwa na hata tone.

Aliyeumia ni binti yake, ambaye anasomea ualimu chuoni na ambaye kazi zake hutumwa kwa intaneti kabla ya saa sita usiku. Jioni sebule huwa na wageni wa baba yake, na msichana wa kwetu hawezi kutandaza vitabu katikati ya wazee wanaozungumza. Akawa anakaa nje chini ya dirisha, simu mkononi, mbu miguuni. Nyanya yake alipomkuta huko saa tano za usiku alikataza kabisa, wala hakukosea. Wiki hiyo kazi mbili za chuo hazikutumwa.

Kaka yangu alikuwa tayari kununua kifaa kipya cha kusogeza mawimbi, ambacho bei yake ilikaribia ya mbuzi. Nilimwomba asubiri kidogo. Nilikuwa nimehifadhi modemu niliyoitumia nilipokuwa nikiishi Nairobi. Binti alipoiona alicheka.

"Shangazi, hii si ilikufa zamani?"

"Kilichokufa ni kiungo kimoja tu," nikamwambia. "Vingine vizima."

Hapo ndipo penye siri, ndugu msomaji. Kisanduku kile ni mafundi watatu chini ya paa moja. Wa kwanza ni modemu yenyewe, inayofasiri lugha ya waya wa simu. Wa pili ni ruta, inayogawa intaneti kwa vifaa vya nyumbani. Wa tatu ni redio ndogo inayotangaza waifai. Waya wa simu ukiondoka, fundi wa kwanza hana kazi. Fundi wa tatu bado yuko macho, anachohitaji ni kuletewa intaneti kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni waya wa kawaida wa mtandao wa kompyuta. Waya huo unaweza kufika mita 100 bila tatizo, ilhali ua wa kaka yangu hauzidi mita 20. Kazi yenyewe tuliifanya Jumamosi moja asubuhi, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza, tuliwasha modemu na kubonyeza kwa sindano kile kitufe kilichojificha nyuma yake kwa muda wa sekunde 10 hivi, ili isahau mipangilio yake ya kale. Pili, tuliiunganisha peke yake na kompyuta kwa waya, tukaandika anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini, ambayo aghalabu ni 192.168.1.1, tukaingia kwenye ukurasa wa mipangilio.

Tatu, tuliibadilishia anwani. Ikiwa kisanduku kikuu cha nyumbani kina anwani 192.168.1.1, hiki kipe 192.168.1.2, yaani nambari tatu za mwanzo zifanane na ya mwisho itofautiane. Ukishabadilisha, ingia upya kwa anwani hiyo mpya. Nne, tulizima kazi iliyoandikwa DHCP, ambayo ni ya kugawia vifaa anwani. Kisanduku kikuu tayari kinaifanya, na wagawaji wawili katika nyumba moja huleta mgongano. Tano, tuliipa waifai jina na nenosiri jipya, na tukabadilisha pia nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio. Mwisho, tulivuta waya kutoka tundu la LAN la kisanduku kikuu hadi tundu la LAN la modemu kuukuu. Lile tundu dogo la simu tuliliacha wazi.

Kasi je? Vifaa vya kiwango kilichotoka mwaka 2003 viliandikwa biti milioni 54 kwa sekunde, ingawa kwa hali halisi hupatikana nusu ya hizo au pungufu. Hiyo bado inatosha kutuma kazi ya chuo na kutazama somo la video.

Kikwazo kikubwa hakikuwa cha ufundi. Kaka yangu alikunja uso. "Intaneti chumbani mwa wasichana? Hapa sebuleni angalau tunawaona." Sikumcheka, kwa maana kila mzazi ana hofu hiyo. Lakini nilimkumbusha kwamba binti yule atasimama mbele ya darasa la watoto wa watu, na kwamba kumwacha gizani uani hakukuwa kumlinda. Tukakubaliana: modemu ya nyuma ina swichi yake, na itazimwa saa nne na nusu usiku, isipokuwa siku ya kutuma kazi. Anayeizima ni binti mwenyewe. Mpaka leo hajalazimika kukumbushwa, na hakuna kazi nyingine iliyochelewa.

Usikimbilie droo kabla ya kusikia tahadhari chache. Angalia adapta: nyingi za modemu hizi hutaka volti 12, lakini zingine 9, na adapta isiyo yake inaweza kuiunguza. Ikiwa kisanduku chako kinajua ulinzi wa WEP pekee, kiache, kwani udhaifu wa ulinzi huo ulifichuliwa tangu mwaka 2001. Tafuta chenye WPA2. Waya unaopita nje upitishe ndani ya bomba la plastiki ili jua na panya wasiule, na mvua ya radi ikianza, uchomoe.

Kuna na faida isiyoonekana uani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme mwaka 2022, na kwamba ni chini ya robo yake zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Modemu moja haitabadili hesabu hiyo. Hata hivyo, itapunguza kimoja, na mbuzi wako atabaki zizini.

Kwa hivyo, msomaji wangu, kabla ya kusema kitu kimekufa, uliza ni kiungo kipi kilichokufa. Kisha zunguka nyumbani mwako jioni ya leo ukiwa na simu mkononi, uone waifai inaishia wapi, na ni nani analala upande wa pili wa mpaka huo.