Kizuri chajiuza, changu nilikitembeza

Najua nimepotea, na wale mlioniuliza "mbona kimya" jibu lenyewe ndo hili: sina kompyuta. Haya nayaandika kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, nyuma yangu kuna foleni ya watu kama sita wananikodolea kisogo, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe. Leo nataka niwape mchapo wa jinsi nilivyoiuza laptopu yangu. Ni mrefu kidogo, ila una faida, hasa kwa wewe unayejiambia kwamba mambo yakibana "nitauza simu".

Tuanze mwanzo. Ile laptopu nilinunua Oktoba 2022, wiki ya kwanza naripoti chuo. Sh. 700,000 taslimu, Kariakoo. Hela ilitoka kwenye kikoba cha mama, na mama aliilipa mwaka mzima kwa kuuza mitumba sokoni Morogoro. Haikuwa mpya. Ilikuwa na alama ya gundi chini, pale palipobanduliwa stika ya namba ya ofisi. Ndivyo zinavyokuja nyingi: makampuni ya Ulaya na Marekani yanabadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu minne, zile za zamani zinauzwa kwa jumla, nyingine zinapitia Dubai, halafu zinatua kwetu zimefutwa vumbi zinang'aa. Mimi nilijiona nimelamba dume.

Basi bwana, Januari 2026 hii, mwaka wa nne, ada ikanibakia deni la Sh. 410,000. UE inakaribia, na bila kulipa jina halitoki. Mama hana. Mjomba alisema "nitaangalia", na mnajua "nitaangalia" ya mjomba. Nikajipigia hesabu zangu kitandani: nilinunua laki saba, nimeitumia miaka mitatu na kidogo, nikiuza laki nne na nusu nimemsaidia mnunuzi na mimi nimetoka. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Kesho yake nikapanda daladala mpaka Kariakoo.

Duka la kwanza jamaa aliipokea kwa heshima zote, akaigeuza, akaifungua, akaufunika mfuniko wake, akaufungua tena. Kumbe anasikiliza bawaba. Ya kulia ilikuwa inalia kama mlango wa choo cha hosteli. Akauliza risiti iko wapi. Sina. Boksi? Sina. Chaja ndo ile ile iliyokuja nayo? Hapana, ile iliungua. Akachomoa waya wa chaja akaiacha iwake hivyo hivyo huku anaongea na simu, na mimi moyo ukaanza kunienda mbio, manake nilijua kinachokuja. Betri yangu haikuwa inafika nusu saa.

"Mdogo wangu," akasema, "nikupe laki na themanini."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunihesabia vidole. Betri mpya yenye nafuu, elfu sabini. Bawaba, elfu ishirini. Itakaa dukani mwezi, labda miwili, na kila siku inayokaa bei inashuka. Mteja akirudi nayo wiki ijayo inazima, hasara ni yake yeye. Na akipata hata faida kidogo, pango la fremu linaisubiri. Halafu akafika kwenye kidole ambacho mimi sikukitegemea.

"Hii ni kizazi cha saba."

Wadau, hapa ndo muweke kalamu chini msikilize. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, na prosesa za Intel Core zinahesabiwa kwa vizazi. Yangu ilikuwa i5 kizazi cha 7. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache za kabla ya hapo. Kizazi cha 7 na cha 8 vimepishana muda mdogo tu, ukiziweka mezani laptopu mbili za aina hiyo huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini moja inaingia mlangoni na nyingine inabaki nje. Mashine yangu haikuharibika chochote tarehe 14 ile. Ilikuwa inafungua madesa vile vile kama tarehe 13. Kilichoanguka ni bei.

Na kinachouma zaidi ni kwamba Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, mwaka mzima kabla sijanunua. Masharti yake yalikuwa hadharani. Ningeuliza swali moja tu, "hii ni kizazi cha ngapi?", ningeongeza hela kidogo nikachukua ya nane. Sikuuliza. Niliuliza kama ina rangi nyingine.

Nikatoka nikaenda duka la pili. Huyu alikuwa mchangamfu sana. Akasema yeye hanunui, yeye anabadilisha: "Unaniachia hii naihesabu laki mbili na nusu, unaniongeza laki sita, unaondoka na hii hapa ya laki nane na nusu." Nikaona huyu ndo mtu, kanipa elfu sabini zaidi ya yule wa kwanza! Ila mimi ni mtoto wa muuza mitumba, nina kiherehere cha bei. Nikamuuliza, na nikija na hela mkononi, bila kukuachia kitu, hiyo unaniuzia ngapi? Akajikuna. "Laki saba na themanini, kwa sababu ni wewe."

Piga hesabu na wewe. Laki nane na nusu toa laki saba na themanini, unapata elfu sabini. Ile elfu sabini aliyoniongezea kwa mkono wa kulia, alikuwa ameshaichukua kwa mkono wa kushoto. Mashine yangu ilikuwa bado ni laki na themanini ile ile. Simlaumu, ni biashara. Lakini tangu siku ile mtu akiniambia "tunabadilisha, unaongeza hela kidogo", swali langu la kwanza ni bei ya ile nyingine kwa taslimu.

Nikarudi chuo nimenuna. Rumeti wangu akanishauri: achana na wenye maduka, uza hapa hapa, bumu la mwaka wa kwanza limeingia juzi. Kweli bwana. Nikabandika karatasi kwenye ubao, nikapita vyumba vya watu, nikaomba na wenzangu wanitangazie. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa natembea.

Siku ya tatu akapiga dogo mmoja, mwaka wa kwanza, kwao Kahama. Anasoma ualimu, kazi zake zote anaandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nikamwambia laki nne na nusu, akasema "sawa dada" bila hata kupunguza. Yani hata kupunguza hakupunguza. Tukapanga tukutane maktaba.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na nakiandika hapa kwa sababu nimechoka kukibeba mwenyewe. Nilitangulia nusu saa kabla, nikachagua meza iliyo karibu na soketi, nikachomeka chaja. Mfuniko nikauacha wazi kabisa ili asiufungue mwenyewe akasikia bawaba. Usiku wake nilikuwa nimeangalia ripoti ya betri (Windows inayo, unaandika powercfg /batteryreport kwenye lile dirisha jeusi la amri, inakutolea ukurasa mzima). Ilitengenezwa kubeba 51,000, ilikuwa imebaki inabeba 19,200. Asilimia 38 hivi. Nilijua kila kitu. Nilikaa pale nikijua kila kitu.

Dogo akaja, shati limepigwa pasi. Akaifungua Word, akaandika jina lake, akalikuza, akacheka. Ikamtosha. Akatoa bahasha mfukoni. Hapo simu yake ikaita, mama yake. Akaomba samahani akapokea pale pale kwa sauti ya chini, lakini maktaba kimya, na simu za siku hizi mnazijua. Nikamsikia mama anauliza kwa lafudhi ya kule kwao, umeipata? Dogo akasema ndiyo mama, kuna dada ananiuzia yake. Mama akasema, "Mwambie huyo dada nasema asante, Mungu ambariki."

Jamani.

Nilimwona mama yangu amekaa juu ya robota la mitumba, Oktoba 2022, anahesabu noti za elfu mbili mbili. Nikachomoa chaja.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, subiri kwanza, usinipe hela. Iangalie bila waya." Tukakaa. Sikuongea na yeye hakuongea, anaangalia kona ya kioo namba zinavyoshuka. Dakika ya 23 ikazima. Nikafunga mfuniko na kuufungua asikie bawaba. Nikamweleza habari ya kizazi cha saba, kwamba Windows 10 itaendelea kuwaka ila haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, na kwamba kuna watu wa kozi za kompyuta Hall ya jirani wanaweza kumwekea Linux ikaendelea miaka. Nikamwambia na bei aliyonipa mwenye duka. Hata hiyo nilimwambia.

Nilitegemea aondoke. Hakuondoka. Aliangalia chini muda mrefu kidogo, halafu akauliza, "Dada, betri umesema elfu sabini?" Tukachukua karatasi tukaandika pamoja: betri, bawaba, umri. Tukakubaliana laki tatu na ishirini. Nikamwandikia risiti kwa mkono, jina langu, namba ya mashine iliyoko chini, tarehe, tukasaini wote, nikampa na nakala ya kitambulisho changu cha chuo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilishaona Kariakoo karatasi isiyokuwepo inavyokula hela. Kwanza mali isiyo na karatasi nani ajue si ya wizi? Kisha nikatoa akaunti zangu zote, nikahamisha kazi zangu kwenye flashi, nikaifuta mbele yake.

Hilo la akaunti msilichukulie mchezo, hasa kwenye simu. iPhone tangu iOS 7 ya mwaka 2013 ina kufuli linaloendelea kumtambua mwenye akaunti hata ukiifuta yote, na Android nazo zilipata la kwao kuanzia toleo la 5.1 mwaka 2015. Rafiki yangu mmoja alinunua simu ya bei ya kutupa stendi, nzuri, haina hata mkwaruzo. Alipofika hosteli ikamuuliza nywila ya mtu asiyemjua. Mpaka leo anayo kabatini. Mafundi wanataka kuinunua kwa ajili ya kioo tu. Simu ile ile, ingekuja na mwenyewe akaitoa akaunti, ingekuwa na thamani mara kadhaa.

Na hapo ndo nilipoelewa kitu. Mimi nilidhani nauza chuma na plastiki, nikawa napanga bei kwa kuangalia nilichotoa mimi. Mnunuzi wa kitu kilichotumika hajali ulitoa ngapi. Analipia anachoweza kukiamini. Mwenye duka alinipa laki na themanini kwa sababu kila asichokijua alikikata kwenye bei, na hakuwa na sababu ya kuniamini. Dogo alinipa laki tatu na ishirini kwa mashine mbovu ile ile, akiwa anaujua ubovu wake wote. Laki moja na arobaini iliyozidi sijui muiite nini. Sisemi ukisema ukweli utalipwa kila mara, manake ningenyamaza ningepata laki nne na nusu na leo nisingedaiwa na mtu. Hiyo hesabu naijua vizuri.

Maana deni lilikuwa 410,000, mimi nina 320,000. Rumeti alinikopesha elfu hamsini, arobaini nikaitoa kwenye hela ya kula. Jina limetoka. Wali maharage mara moja kwa siku, usiku nakunywa chai.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama. Nilizunguka wiki nzima. Nilipompigia akakaa kimya, nikajua amekasirika kuhusu laki saba yake. Akauliza umeuza ngapi, nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, mimi robota nikifungua asubuhi blauzi ni elfu nane, jioni hiyo hiyo blauzi ni elfu moja, na haijavaliwa na mtu hapo katikati. Laki saba ilikwisha siku ile ile uliyoinunua." Halafu akauliza, "Huyo mtoto ulimwambia kuhusu betri?"

Nikamwambia nilimwambia. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimechagua meza yenye soketi.

Dogo nilikutana naye juzi kafeteria. Ameweka betri mpya, anakaa nayo chini ya mti bila waya, anajidai kweli kweli. Mimi ripoti yangu ya utafiti imefika sura ya tatu na jamaa wa nyuma yangu ameshaanza kukohoa. Ngoja niwaachie kiti.

Tuko pamoja.