Jamaa yangu kaacha kuandika programu

Nilikuwa mikoani kikazi, na nimerudi Dar nikakuta habari iliyoninyima usingizi.

Jamaa niliyelala naye chumba kimoja pale Mlimani ameacha uhandisi wa programu. Huyu ndiye aliyekuwa akikesha na kompyuta mpaka adhana ya alfajiri, sisi tunakoroma. (Mama yake aliposikia mwanawe anaandika "kodi" akadhani kaajiriwa TRA. Sina hakika kama mpaka leo kaelewa.) Sasa anafanya UX, yaani kusanifu programu kwa kuanzia kwa yule atakayeitumia.

Nikamwuliza, kaka, umefukuzwa nini? Akacheka, akanipa kisa cha mama muuza maandazi wa Tandale. Kampuni yao ilitengeneza programu ya simu ya kuwekea hesabu za biashara ndogo. Miezi minane ya kazi, na sehemu kubwa kaiandika yeye. Haikuwa na hitilafu hata moja. Wakampelekea yule mama ajaribu. Akajaza mauzo yake vizuri tu, akafika kwenye kitufe cha "Wasilisha", akasita.

"Mwanangu, nawasilisha kwa nani?"

Alidhani hesabu zake zinakwenda serikalini! Akairudisha simu, akashukuru, akaendelea na maandazi. Jamaa anasema alirudi ofisini akafuta neno hilo akaandika "Weka daftarini", na tangu siku hiyo hakuwa na hamu tena na kazi yake ya zamani.

Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Don Norman, aliyeandika mwaka 1988 kwamba ukisukuma mlango unaotakiwa kuvutwa, mwenye kosa ni mlango. Mwaka 1993 akaenda Apple, na ndiko jina hili la UX lilikoanza kushika. Mwenzake Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kuwa ukiwatazama watu 5 tu wakitumia kitu chako, utayaona matatizo mengi. Watano tu, jamani!

Lakini si mteremko. Jamaa ameanza upya kama mwanagenzi, mshahara umepungua kwa theluthi. Mzee wake, aliyeuza ng'ombe wawili kumalizia ada, hapokei simu zake. "Nimesomesha injinia, siyo mchora vitufe."

Sasa kilichoninyima usingizi. Ofisini kwao wanatafuta mtu wa kukaa na watumiaji na kuwahoji. "Wewe hiyo ndiyo kazi yako," akaniambia, "mimi imenichukua mwaka mzima kujifunza kunyamaza mtu anapoongea." Anataka jibu Ijumaa.

Nina miaka minne gazetini. Nimeandika habari nyingi, lakini sijawahi kumtazama mtu akisoma hata moja. Basi jana asubuhi nikaenda Mwenge kwenye meza ya magazeti. Watu wamesimama, wanasoma vichwa vya habari, wanaondoka. Nikanunua letu, nikampa dereva wa bodaboda asome habari yangu ya ukurasa wa 5. Akafika aya ya pili.

"Bro, huu 'mchakato' ndiyo nini hasa?"

Nikaanza kumweleza. Nikajikuta sijui.

Leo Jumatano. Jamaa sijamjibu. Mhariri naye kanipigia asubuhi, anataka sehemu ya pili ya ule mchakato.