Shemeji anataka injini, mama anauliza dumu

Mchagga na bahari wapi na wapi? Najua ndivyo utakavyouliza, msomaji wangu, na hujakosea sana. Sisi wa Rombo maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Chala, lile shimo la volkano lililoko mpakani na Kenya, na lenyewe tunalitazama tukiwa juu, tunatikisa kichwa, tunarudi nyumbani. Samaki wetu wanapanda na gari. Perege wa Nyumba ya Mungu, dagaa wa Mwanza, hao tunafahamiana nao wakiwa kwenye beseni pale sokoni Mkuu, wameshakauka na hawana habari na mtu. Mambo ya injini za boti tunawaachia watu wa pwani.

Lakini mapenzi, bwana, hayana mpaka wa wilaya. Dada yangu mkubwa alishuka Tanga kumsaidia mjomba dukani, akapanda na mchumba mvuvi. Mvuvi! Kwetu hapakukalika. Mzee alikuwa anategemea mkwe mwenye duka la spea, au basi walau Fuso moja ya kubebea ndizi, akaletewa kijana wa Kidigo, mpole, maneno machache, mali yake nyavu na mishipi. Sasa huu ni mwaka wa sita wa ndoa, watoto wawili, na kila simu ikiingia kutoka Tanga mzee ndiye wa kwanza kuuliza, "Mkwe wangu hajambo?"

Nawapa historia hii ndefu kwa sababu Desemba iliyopita, msimu ule ambao Wachagga wote tunapanda mlimani hata mwenye madeni, familia yetu ilikaa kikao kizima kuzungumzia injini ya boti. Moja au mbili. Masaa manne! Ndizi za kuchoma zilipoa.

Kwanza mjue kilichotangulia. Mwezi wa 7, kusi ikiwa imepamba moto, shemeji na wenzake watatu walitoka na boti ya kukodi kufuata nguru na jodari. Kule nje ya Tanga ndiko kwenye mkondo wa Pemba, kilomita 50 hivi za maji kati ya bara na kisiwa. Kina chake katikati kinafika kama mita 800. Maana yake nini? Maana yake injini ikizima huko, huwezi kusema ngoja nitupe nanga nitulie. Kamba ya nani itafika? Na maji yenyewe hayatulii. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi ndiyo unakimbia kabisa. Kwa hiyo ukizimiwa na injini jioni Tanga, alfajiri wewe ni mgeni wa Kenya bila pasipoti.

Ndivyo ilivyokuwa. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Walivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Usiku kucha walikuwa wanachota maji kwa kopo na kupiga makasia, na kulipokucha wakaokotwa na wavuvi wa upande wa pili, karibu na Vanga. Dada hakulala. Mimi nilikuwa Moshi nimeshika simu inayosema namba unayopiga haipatikani. Nyumbani tulikubaliana mzee asiambiwe kwanza, lakini mlimani siri haikai, alijua kabla ya chai ya saa nne.

Sasa shemeji kapata boti yake mwenyewe, ya faiba, mita 7, mtumba lakini nzima. Haina injini. Dada katoa akiba yake ya vikoba, mzee kauza dume la ng'ombe, na mimi nikatoa changu ambacho sikitaji hapa kwa sababu mhariri anasoma. Zikajumlishwa. Kwenye daftari la dada kukawa na mistari miwili: injini moja ya 40, au mbili za 15.

Binamu yetu wa Dar, yule anayejua kila kitu, akaanza. Mbili, bila mjadala. "Moja ikizima, nyingine inakurudisha. Halafu mwanangu, ukiingia nazo mbili nyuma pale, watu wanageuka. Unafanana na boti ya polisi." Jamani! Mtu kakesha baharini anachota maji kwa kopo, mwingine anafikiria watakaogeuka. Lakini nusu ya kwanza ya maneno yake, nani angeibishia? Hata mimi nilitikisa kichwa.

Shemeji alikuwa amekaa pembeni, sweta mbili na koti la mzee juu, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi wakati wenzake wanapokezana kata ya mbege. Akaombwa aeleze. Akasema pole pole, kama kawaida yake.

15 na 15 ni 30, siyo 40. Hilo moja. Mbili zikiwa pamoja zinakaribia kilo 80, wakati ile ya 40 ni kilo 70 na kitu. Kwa hiyo unabebesha tezi mzigo mkubwa zaidi ili upate nguvu ndogo zaidi. Tena ni miguu miwili ndani ya maji badala ya mmoja, na kila mguu unakwama na maji. Boti ndogo inaendeshwa kwa mkono, unashika mpini wa injini, sasa ukiwa na mipini miwili lazima uiunganishe kwa bomba au umwajiri pweza. Watu walicheka. Yeye hakucheka, akaendelea: plagi mara mbili, raba ya pampu ya maji mara mbili, fundi mara mbili. Ukiwa na injini mbili, siku ambazo mojawapo ni mbovu zinakuwa nyingi kuliko za mwenye moja.

"Lakini siku ambazo zote mbili ni mbovu?" binamu akadakia.

Hapo ndipo mama alipoingia. Mama yangu hajawahi kupanda hata mtumbwi. Anauza maziwa, miaka yote, asubuhi na jioni, na alikuwa anapita tu na sahani.

"Baba," akamwita mkwe wake, "hizo mbili zinakunywa dumu moja?"

Shemeji akamtazama. "Ndiyo mama. Wengi wetu ni tanki moja, unagawa kwa mpira."

"Na ile iliyokuzimia mwezi wa 7, ilikuwa inaumwa nini?"

"Maji, mama. Petroli ilikuwa na maji."

"Basi hizo siyo mbili," mama akasema, akaweka sahani chini. "Ni moja yenye vichwa viwili. Ukimimina maziwa yaliyoharibika juu ya mazima, huhesabu una madumu mangapi."

Nawaambia ukweli, pale uani palitulia. Maana ile petroli ya mwezi wa 7 ilikuwa ya kupimiwa kwenye dumu, na kama boti ile ingekuwa na injini mbili, zote zingekunywa maji yale yale na kukohoa kwa dakika moja. Wangekuwa na kilo 80 za chuma kilichokufa badala ya 40. Tofauti ingekuwa uzito tu.

Tangu siku ile nimezungumza na mafundi wawili watatu, Tanga na Dar, na wote wanarudi pale pale kwa mama, ila wao wanatumia maneno marefu. Injini ya pili ina maana pale tu inapokuwa na tanki lake, mpira wake, chujio lake, na ikiwezekana mafuta yaliyonunuliwa siku nyingine. Hata oili. Hizi injini za viharusi viwili, Yamaha ndizo utazisikia zaidi huko forodhani, nyingi unazichanganyia oili ndani ya petroli, lita 1 kwa lita 50. Aliyechanganya akiwa na usingizi, kakosea kwa zote zinazokunywa mchanganyiko ule. Zile boti kubwa za watalii wanaofuata nduaro na sulisuli kule Shimoni, ni kawaida kuziona na injini mbili, na ni haki yao: wanakwenda mbali, kila injini peke yake ina uwezo wa kuirudisha boti, na mwenye boti anao uwezo wa kulisha zote mbili. Mvuvi wa faiba ya mita 7 anaishi kwa hesabu nyingine. 40 ukiibana mpaka mwisho inameza lita 15 na zaidi kwa saa. Jodari asipoonekana siku mbili, petroli imekula mtaji.

Mzee akaleta la kwake. Yeye aliendesha lori miaka 20 na zaidi, Moshi mpaka Tarakea enzi za vumbi. "Lori lina injini moja. Linalobeba ni tairi la spea. Hamuwezi kupata spea ya bahari?" Akapendekeza tanga. Wazee wa Kidigo si walivuka na ngalawa, hawana plagi wala nini? Shemeji, kwa heshima zote, "ndiyo baba, ni kweli baba," akamweleza kwamba ngalawa imechongwa kwa ajili ya tanga, ina matengo yake pembeni ya kuishikilia. Faiba ukiitundikia kitambaa itakwenda upepo unakotaka tu. Na kusi inataka kwenda kule kule Vanga.

"Kwa hiyo spea," mzee akasema.

Kwa hiyo spea. Ndiyo iliyopita: injini moja ya 40 ya kufanyia kazi, na ndogo, ya 8, mtumba, pembeni yake, imeinuliwa juu ya maji isikwamishe mwendo, na tanki lake dogo la kufuli. Hiyo 8 haikimbizi boti. Inatambaa. Lakini binadamu anayetambaa kurudi Tanga hayuko sawa na anayeelea kwenda Kenya. Binamu alinuna kidogo, boti ya polisi ikawa imemponyoka. Hela ilipungua na mbuzi wawili wakaongezwa, mimi pia nikaguswa tena, tuyaache hayo.

Ugumu wenyewe, na hili dada ndiye aliyelisema, siyo kununua. Kitu cha akiba kinaoza. Injini ndogo isiyowashwa inashikwa na chumvi, na siku unayoihitaji unavuta kamba unapata mlio wa bati. Kwa hiyo akaweka masharti, mwanamke wa Kirombo akiweka masharti wewe tafuta pa kuketi. Kila safari, kabla ya kutoka, ndogo inawashwa kwanza mpaka inatema maji vizuri. Wakirudi inasuuzwa kwa maji baridi ya bomba, pamoja na kaka yake mkubwa. Plagi ya akiba kwenye chupa kavu. Laifu jaketi nne, za watu wanne, na siyo za kukalia. Wasitoke peke yao wakati wa kusi, watoke na boti ya jirani hata kama jirani ana maneno mengi, kwani hakuna injini ya pili inayoshinda mwenzio mwenye kamba ya kukuvuta. Na petroli ya tanki dogo haiguswi, hata jodari wakiruka mbele ya pua.

Hapo kwenye petroli ndipo nilipomwona shemeji anakuna kichwa. Unajua kwa nini? Ukiwa nje, samaki wanakula, tanki kubwa limefika nusu, na pale pembeni zimelala lita 10 zinakutazama. Wangapi wetu wenye akiba ya dharura benki ambayo haijawahi kuguswa kwa ajili ya viatu? Alikubali. Ufunguo wa kufuli unakaa kwa nahodha, lakini dada ana alama yake aliyochora kwenye tanki, na jioni anakwenda kuitazama.

Zimefungwa tangu Februari. Mpaka leo ile ndogo haijamrudisha mtu, inawashwa na kuzimwa tu, na kila Ijumaa mzee anapiga simu kutoka Mkuu kuuliza kama imewashwa. Haulizi bei ya samaki. Wiki mbili zilizopita rafiki wa shemeji alikuja kuiazima avushe watu harusini, siku mbili tu. Shemeji alikuwa ameshaanza kulegea, ni rafiki yake wa utotoni. Dada akatoka na ungo wa mchicha, mtoto mgongoni, akaenda akaketi juu ya lile tanki dogo, akaanza kuchambua jani moja moja mpaka yule bwana akaaga.